Kwako Unayetaka Kufundisha Kitengo

Nilitumia mihula miwili nikimfundisha mtoto mmoja kufunga vifungo vya shati lake la shule. Alikuwa na miaka 11, mwenye ulemavu wa akili, na vidole vyake vilikuwa vizito kutii. Nilianza kama nilivyowafundisha wanangu nyumbani: nikafunga kifungo cha juu, nikamwambia, haya, nawe funga kinachofuata. Akajaribu, akashindwa, akalivua shati akalitupa. Tulikwenda hivyo wiki tatu. Mwisho mwalimu mwenzangu, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, akaniambia, "Mwalimu, unamwanzishia mbali. Mpe cha mwisho."

Nikafunga vyote mimi, nikabakiza cha chini kabisa. Hicho nacho nikakipenyeza nusu kwenye tundu, nikamwachia kazi ya kuvuta tu. Akavuta. Shati likawa limefungwa, na aliyelimaliza ni yeye. Alinitazama, akalitazama shati, akataka lifunguliwe tena ili avute tena. Siku ile alivuta mara nyingi mpaka kengele ya uji ikalia. Baada ya hapo nikawa namwachia kidogo zaidi kila alipokomaa: kwanza kuvuta, kisha kusukuma na kuvuta, kisha kifungo kizima, kisha viwili vya chini. Tulipanda hivyo kuelekea shingoni kama mtu anayekwea ngazi kinyumenyume.

Ninaanza na shati hilo kwa sababu kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, vijana hunijia au hunipigia simu wakisema wanataka kusomea elimu maalum. Nikiwauliza kwa nini, wengi hunijibu kwamba wanawaonea watoto wale huruma. Wengine, kwa sauti ya chini kidogo, husema wamesikia kwamba fani hii haina msongamano kama nyingine. Wote nawakaribisha. Nimefanya kazi na watu waliokuja wakitafuta ajira tu wakawa walimu hodari, na nimeona waliokuja na machozi wakiondoka kabla ya mwaka kwisha.

Lakini huruma nataka tuizungumze, kwa maana ndiyo inayowapoteza wengi. Huruma humfanya mwalimu amfungie mtoto vifungo vyote sita, amlishe uji kwa kijiko, amfute kamasi na kumbebea begi. Miaka saba ikipita, mtoto anatoka shuleni akiwa amependwa sana na hajui kuvaa shati. Mama yake amezeeka, yeye amekuwa mwanamume mwenye ndevu, na bado anavalishwa. Sisemi uufanye moyo wako kuwa mgumu. Nasema huruma haikuonyeshi uanze na kifungo kipi. Hilo hufundishwa, na mtu yeyote mwenye nia anaweza kulijifunza.

Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu yoyote, nenda ukaone. Karibu yako huenda kuna shule ya msingi yenye kitengo, yaani darasa au madarasa ya wanafunzi wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida. Kama hujui kilipo, muulize Afisa Elimu Maalum wa halmashauri yenu. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, ueleze nia yako, kisha ujitolee wiki mbili. Siku moja haitoshi. Siku ya kwanza utakuwa mgeni, watoto watakushika mikono, wewe utaguswa moyo, na utarudi nyumbani ukidhani umeona. Ya kweli huanza kuonekana siku ya nne au ya tano, pale aliyekukumbatia Jumatatu anapokung'ata Ijumaa, na wewe hujui umemkosea nini.

Uwepo wakati wa uji. Uwepo wakati wa choo pia. Katika kitengo cha ulemavu wa akili utakuta mtoto wa miaka 7 na kijana wa miaka 17 kwenye chumba kimoja. Utakuta binti aliyevunja ungo asiyejua kinachomtokea mwilini, na mwalimu wa kike akimfundisha kubadili pedi kwa hatua zile zile za shati. Hiyo ni kazi ya ualimu kamili. Ukiona inakushusha hadhi, ni vyema ulijue sasa. Na ukilia siku ya kwanza, usijihukumu kwa hilo. Jitazame kama ulichoka hasa, na kama kesho yake uliamka ukarudi.

Jambo la pili ninalowasisitizia vijana ni kujifunza kazi moja ya mikono kabla ya kwenda chuoni. Wengi hungojea wafundishwe huko, nao hupata miezi michache ya haraka haraka, kisha hukabidhiwa watoto. Chagua moja, breli au lugha ya alama, uanze leo.

Breli, au maandishi ya nukta nundu, inatisha kwa macho lakini ina mpango mzuri ajabu. Aliyeibuni, Louis Braille, alikuwa kijana wa Kifaransa aliyepofuka baada ya kujichoma jicho akiwa mtoto kwenye karakana ya baba yake, na alipoupanga mfumo huo mwaka 1824 alikuwa na miaka 15 tu. Kila herufi inakaa katika seli ya nukta sita, mistari mitatu ya nukta mbili mbili. Za kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni 1, 2 na 3. Za kulia ni 4, 5 na 6. Herufi a ni nukta ya 1 peke yake. b ni 1 na 2. Herufi kumi za mwanzo, a mpaka j, hutumia nukta nne za juu tu. Ukishazijua hizo kumi, zinazofuata k mpaka t unazipata kwa kuongeza nukta ya 3 katika kila moja. Basi k ni a iliyoongezwa nukta ya 3, na m ni c iliyoongezwa nukta hiyo hiyo. Kwa jioni chache utaandika mama na kaka.

Huhitaji vifaa vya gharama kuanza. Kata trei la mayai ubakize matundu sita, ukusanye vizibo vya soda, na hiyo ndiyo seli yako ya kwanza. Watoto nao huanza hivyo hivyo, kwa kitu kikubwa cha kujaza mkononi, ndipo wahamie nukta ndogo za karatasi. Baadaye utakutana na kibao na kalamu yake ya kutoboa. Hapo utagundua kwamba mwandishi hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta hujitokeza upande wa nyuma na karatasi ikigeuzwa ndipo husomeka kushoto kwenda kulia. Mtoto anayeandika kwa kibao anageuza kila herufi kichwani mwake. Mara nyingine mtu akiniambia kwamba wasioona wanahitaji kurahisishiwa masomo, namkumbusha hilo. Kuna pia mashine ya Perkins, yenye vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951. Ni nzito, karibu kilo 5, imara sana, na ghali. Shuleni mara nyingi watoto watatu au wanne hupokezana moja. Jifunze kuisafisha na kuifunika. Vumbi huiua polepole.

Ukishazizoea nukta kwa macho, fumba macho uzisome kwa ncha ya kidole. Utashindwa, na ni muhimu ushindwe. Utajua kwa nini mtoto aliyetoka likizo ya kulima, mikono imeota sugu, anasoma polepole kuliko alivyoondoka. Utajua kwa nini asubuhi ya baridi vidole havisikii kitu. Hutamfokea tena.

Upande wa lugha ya alama nina neno moja zito: jifunze kwa viziwi wenyewe. Picha za kitabuni zitakupa alama moja moja, lakini sarufi iko usoni, mabegani na katika nafasi iliyo mbele ya kifua. Nyusi zikiinuka, kauli imekuwa swali. Anayejifunza kwa wanaosikia tu huishia kuandika Kiswahili hewani kwa mikono, na watoto viziwi humtazama kwa adabu bila kumwelewa. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina watu katika mikoa mbalimbali. Watafute, na ukikuta kiziwi fundi cherehani au kinyozi mtaani kwenu, jenga urafiki naye. Kumbuka kwamba alama za Tanzania na za Kenya si lugha moja, na hata mtaani kwenu alama zinaweza kutofautiana na za mkoa wa jirani.

Uzito wa jambo hili utauona siku utakapompokea kiziwi wa miaka 9 ambaye hana lugha yoyote. Wako wengi. Watoto viziwi karibu wote huzaliwa na wazazi wanaosikia, na pale nyumbani hakuna aliyejua kuongea naye. Ana alama zake chache za kuomba chakula na maji, anajua kuogopa na kucheka, lakini hajawahi kuambiwa kwamba yeye ana jina. Hapo wewe huwi tena mwalimu wa kusoma na kuandika. Wewe ndiye mtu wa kwanza atakayempa lugha. Kwa miaka mingi, hasa baada ya mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, shule nyingi duniani ziliwakataza watoto hawa kutumia mikono, wakilazimishwa kutoa sauti wasizozisikia na kusoma midomo. Vizazi viliharibikiwa. Usiirudie dhambi hiyo kwa uvivu wa kutojifunza. Na hata kabla alama zako hazijawa nyingi, kuna mambo madogo ya kufanya darasani: usizungumze huku umegeukia ubao, usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo uso wako ukawa giza, na usianze kueleza jambo kabla macho yao hayajafika kwako.

Vyuo nitavigusa kwa ufupi, maana sifa za kujiunga hubadilika na njia ya hakika ni kusoma tangazo la mwaka husika la Wizara ya Elimu au mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Jina utakalolisikia kwanza ni Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalum kilichopo Tengeru, wilayani Arumeru, mkoani Arusha. Anayetaka shahada anaweza kuangalia Chuo Kikuu cha Dodoma, au Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilichopo Tabora. Aliye Kenya ataelekezwa KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa mwaka 1986, yenye makao yake Kasarani, Nairobi. Chuoni utatakiwa kuchagua mchepuo: kutoona, uziwi au ulemavu wa akili. Usichague kwa kufuata rafiki. Wiki zako mbili za kujitolea ndizo zikuchagulie. Kuna mtu mwenye mikono ya haraka na uso unaosema, huyo viziwi watamfurahia. Kuna mtu mtulivu anayeweza kurudia jambo moja mara arobaini bila kupandisha sauti. Huyo nampeleka ulemavu wa akili au usonji bila kusita.

Kama tayari wewe ni mwalimu wa darasa la kawaida na unafikiria kuhamia huku, nakwambia umetangulia. Aliyefundisha darasa la kwanza miaka miwili anajua mtoto hujifunzaje kushika penseli, kuhesabu na kungoja zamu. Asiyejua mwendo wa kawaida hupata taabu kujua ni wapi mtoto huyu amekwama.

Chunga pia kinywa chako, maana wazazi wanasikia, watoto wanasikia, na walimu wenzako wanakuiga. Taahira, punguani, zezeta na zeruzeru yasiingie shuleni kwako hata kwa utani wa ofisini. Lakini usikimbilie kubuni majina laini. Wasikilize wenyewe wanajiitaje. Chama cha viziwi kimejiita cha Viziwi, na wasioona wana Chama cha Wasioona Tanzania. Neno kiziwi wao hawalioni tusi. Wanalolikataa ni bubu, kwa kuwa lugha wanayo. Huwa nafikiri sana jinsi Kiswahili kilivyowaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli ya kiti na kisu, kisha kitenzi kikawatoa humo: tunasema kiziwi amekuja, hatusemi kimekuja. Lugha yenyewe iliona haya katikati ya sentensi. Sisi tuendelee pale kitenzi kilipofikia.

Liko jina moja linalochanganya watu hata walio ndani ya kazi: mtindio wa ubongo. Wengi hulitumia kwa mtoto yeyote mwenye akili nzito. Mwenye mtindio wa ubongo ameathirika kwanza katika kuuongoza mwili. Akili yake inaweza kuwa nzima kabisa, imefungiwa ndani ya mwili usiotii. Nilikaa na mtoto wa namna hiyo karibu mwaka mzima nikimwimbia nyimbo za chekechea, mpaka siku moja nikamchorea kwenye boksi alama ya ndiyo upande mmoja na hapana upande wa pili, nikamwambia anijibu kwa macho. Nilimuuliza kama nyimbo zile anazipenda. Akatazama hapana, akakaza macho pale pale. Usikadirie akili ya mtoto kwa mate yanayomtoka. Mtafutie kwanza njia ya kukujibu, iwe macho, kidole, kichwa au goti, ndipo uanze kupima anachojua.

Na kifafa. Kitakukuta, kwa kuwa watoto wengi wa kitengo wanaishi nacho. Mtoto akianguka, sogeza madawati, mlaze ubavu, mlegeze ukosi, mwekee sweta chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane mikono kwa nguvu. Tazama saa. Degedege likipita dakika 5, au likifuatwa na lingine kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Povu lake haliambukizi. Waambie hilo wanafunzi wengine siku hiyo hiyo, wewe ukiwa wa kwanza kumshika, kwa sababu watatazama mikono yako kuliko watakavyosikiliza maneno.

Sasa wazazi. Hapa chuo hakikuandai vya kutosha. Atakuja mama na mtoto wa miaka 12 mgongoni, amembeba hivyo kutoka kijiji cha mbali, na baba aliondoka zamani akisema kwao hakuna ugonjwa huo. Mama ameshakwenda hospitali, ameshakwenda kwa waganga, ameshaombewa. Ameambiwa amerogwa, ameambiwa amelaaniwa, ameambiwa alikula kitu akiwa mjamzito. Sasa amefika kwako na swali moja, "Mwalimu, ataongea lini?"

Ulimi utakuwasha kumpa tarehe. Usimpe. Wala usimwambie kwamba haitawezekana, kwa maana hujui. Mimi husema, "Mama, kuongea sijui. Ila najua kitu cha kwanza nitakachomfundisha, nawe utakiona kwa macho yako." Kisha nachagua jambo dogo la kweli, kama kuonyesha kikombe anapotaka maji. Kabla ya hapo namuuliza mama yeye: anapenda nini mtoto huyu? Anaogopa nini? Kilio cha njaa unakijuaje na kilio cha maumivu? Huyo mama amemsoma mtoto miaka 12, na daftari lote liko kichwani mwake. Mwalimu anayeanza kwa kumhubiria amelifunga daftari hilo. Watembelee nyumbani, kaa kwenye mkeka, kunywa chai wanayokupa. Mfundishe mama, au bibi, au kaka yake mkubwa, jambo moja la kurudia jioni. Moja tu, maana mama huyo ana shamba, ana wadogo wengine na hana msaidizi.

Utakutana pia na waliofichwa ndani. Utasikia fununu kwa majirani, au mtoto wa darasa la tatu atakwambia nyumbani kwao kuna kaka asiyetoka. Usiende na sauti ya polisi. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, au mama mwingine ambaye mtoto wake yuko kitengo. Huyo mama atamaliza kwa nusu saa kazi ambayo wewe ungeifanya mwezi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto yule haki ya kusoma, na uijue vizuri, ila ihifadhi kwa ajili ya mkuu wa shule anayekataa kumwandikisha. Mlangoni kwa mama aliyeona aibu miaka yote, sheria si neno la kuanzia.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha. Watoto hawa hudhulumiwa kwa urahisi, kwa sababu mdhalimu anajua hawatasema, au wakisema hawataaminiwa. Wafundishe majina ya viungo vyote vya mwili, kwa maneno au kwa alama, bila kuruka. Wafundishe kukataa, hata kukukataa wewe. Mtoto aliyezoezwa kutii kila mtu mzima amewekwa hatarini na mwalimu wake mwenyewe. Ukiona dalili, ijue njia ya kwenda ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, usilimalize jambo ofisini.

Ukimaliza chuo, usishangae ukipangiwa shule isiyo na kitengo kabisa, ukapewa hisabati ya darasa la tano kama wengine. Imewatokea wengi, na baadhi hukata tamaa wakaisahau fani yao. Ninakuomba uwatazame vizuri watoto 80 waliopo mbele yako. Yuko anayekunja uso kila anaposoma ubaoni na kunakili kwa jirani. Ana uoni hafifu. Yuko mwenye ualbino aliyewekwa nyuma karibu na dirisha, mwanga ukimpiga, wakati anatakiwa mbele, mbali na jua, na maandishi makubwa, na kofia pana wakati wa paredi. Yuko anayetokwa usaha sikioni tangu darasa la kwanza na anaitwa mkaidi, kumbe hasikii. Usaha huo ukitibiwa mapema, sikio huokoka. Yuko hodari wa kusimulia ambaye akishika kitabu herufi zinamkimbia. Hawa hawatahamia kitengo, wala hawahitaji kuhamia. Wanahitaji kukaa na wenzao wakiwa na mwalimu anayejua anachokiona. Elimu jumuishi inayozungumzwa kwenye semina huanzia kwenye kumhamisha mtoto kutoka dawati la nyuma.

Namna ya kudumu katika kazi hii nitakwambia ninayoijua mimi: daftari. Kila mtoto na kurasa zake. Andika lengo linalohesabika. Ukiandika "aboreke katika kujitegemea", mwisho wa muhula hutajua kama alifika. Andika "atavuta kifungo cha mwisho bila msaada mara nne kati ya tano". Kila siku weka alama: leo mara moja, leo sifuri, leo mara mbili. Jicho la mwalimu aliyechoka husahau, na mtoto anayepiga hatua ndogo huonekana kama amesimama. Mwezi wa tatu, ukiwa umeshawaza kuomba uhamisho, fungua ukurasa wa kwanza uone alikotoka. Mimi daftari limenizuia kuondoka mara mbili. Litakuambia pia ukweli mwingine: ukiona sifuri kumi mfululizo, kosa liko kwenye hatua uliyompa. Ni kubwa mno. Igawe tena.

Uulinde mgongo wako; watoto hukua, na kumnyanyua kijana wa miaka 14 peke yako kutakulemaza. Mwite mwenzako, kunja magoti. Uwe na mtu wa kuzungumza naye nje ya shule. Na kuna watoto watakaofariki wakiwa mikononi mwenu, wenye vichwa vikubwa, wenye moyo mbovu, wenye kifafa kikali. Nenda msibani. Mama atakumbuka kwamba mwalimu alikuja, na wenzake wa kitengo nao waambiwe kwa uwazi kwamba fulani amekufa, wamwimbie. Wanaelewa zaidi ya tunavyodhani, na kiti kitupu wanakiona.

Yule wa vifungo alihama na familia yake kabla hatujakifikia kifungo cha shingoni. Ukurasa wake ninao, umeishia kwenye "mara tatu kati ya tano".

Basi Jumatatu nenda. Fika kabla ya kengele, uvae viatu vya chini na nguo usiyoihofia kuchafuka, ubebe maji na kitambaa. Ukishasalimiana na mwalimu mkuu, mtafute mwalimu wa kitengo, umuulize ni mtoto gani asubuhi hii hana mtu wa kukaa naye. Kaa naye. Usimfundishe chochote siku hiyo. Tazama anachokishika kwanza, na anakishika kwa mkono upi.